X ikifungwa: Seva za kujitolea zinakuvusha vipi?

Mei 20, 2025 mtandao wa X ulizimwa nchini Tanzania, siku ambayo akaunti ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa. Kwa mtu aliyeko Msimbati, Mtwara, hali ni hii: bando lipo, WhatsApp inapokea, ila X inazunguka tu.

Hapo ndipo zinapoingia seva za kujitolea. Watu wa Ruvuma wataelewa haraka: kivuko cha Kilambo kikisimama, unatafuta mtumbwi. Kwenye mtandao wa Tor, mtumbwi huo unaitwa daraja.

Daraja rahisi zaidi ni Snowflake. Mtu aliyeko, tuseme, Ujerumani anaweka kiongezi kwenye Chrome au Firefox na kuacha kompyuta ikiwa imewashwa. Basi. Wewe unafungua Tor Browser kwenye simu, unachagua Snowflake, na data zako zinapitia kwake. Kampuni ya simu inaona kitu kinachofanana na simu ya video. Na kwa kuwa watu hao wanaingia na kutoka kila saa, kuwafungia wote ni kazi ngumu.

Je, anasoma meseji zako? Hapana. Data zimefungwa kwa msimbo, yeye anazipeleka tu kwenye seva ya Tor. Hajui unaenda tovuti gani, na tovuti haioni anwani yake. Anachoweza kuona ni anwani ya IP ya simu yako.

Spidi inashuka, hilo lijue mapema. Bando la mitandao ya kijamii pekee pia halitakufaa. Unahitaji bando la kawaida.

Halafu kuna siku mtumbwi haupo kabisa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti yenyewe ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurejea Novemba 3. Snowflake inapita juu ya intaneti, kwa hiyo siku hizo haikuwa na pa kupita.

Lililo zito zaidi ni sheria. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa kwake, ikikumbusha kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020. Kanuni hizo zinakataza kuwa na programu inayomsaidia mtu kufikia maudhui yaliyozuiwa, na adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua Sh5 milioni, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Aliyeko Ujerumani hiyo haimgusi. Mwenye simu Msimbati inamgusa.