Kuuliza Si Ujinga: Maandalizi ya Usaili wa Kazi kwa Kihispania

Watu wa Unguja si wageni wa lugha za wageni. Mitaa ya Mji Mkongwe imesikia Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza kwa nyakati mbalimbali, na tangu miaka ya 1990 Kiitaliano kimezoeleka pwani ya Kiwengwa hata mwuza vinyago asiyepata kuingia darasani aweza kukijadilia bei. Sasa Kihispania nacho kimebisha hodi. Kampuni ya Meliá, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina hoteli Kiwengwa. Kampuni ya RIU, iliyoanzishwa mwaka 1953, ina hoteli Nungwi. Zote mbili asili yake ni kisiwa cha Mallorca, nchini Hispania; yaani ni za watu wa visiwani kama sisi. Wageni wasemao lugha hiyo hutoka Hispania yenyewe, Meksiko, Argentina na nchi nyingine nyingi, na Kihispania, pamoja na Kiswahili chetu, kimo katika orodha ya lugha za Umoja wa Afrika.

Basi hutokea kijana aliyejifunza Kihispania kwa miezi michache, kwa mwalimu au kwa vitabu, akaomba kazi ya mapokezi hotelini au ya kutembeza watalii. Siku moja hupokea habari kwamba ameitwa kwenye usaili, na kwamba sehemu ya mazungumzo itakuwa kwa Kihispania. Furaha ya nyumba nzima huchanganyika na hofu. Makala haya ni ya kijana huyo, awe wa kike au wa kiume, na ni ya jamaa zake pia, kwa kuwa mshahara mmoja aghalabu hutazamiwa na watu wengi.

NINI HASA KINACHOPIMWA

Wengi hujiandaa kwa kukariri. Huandika ukurasa mzima wa kujisifu, wakaushika moyoni tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Msaili akiuliza swali kwa namna nyingine kidogo tu, jengo lote huanguka, na kijana hubaki akijibu lile asiloulizwa.

Yafaa ieleweke kwamba msaili hutambua katika sentensi ya kwanza kuwa aliye mbele yake ni mwanafunzi wa lugha. Hilo halimtishi, maana msamiati hufunzwa kazini. Linalomtia wasiwasi ni mfanyakazi anayeitikia “sí, sí” kwa jambo asilolielewa.

Chukua mfano huu. Mgeni amekaa mezani, anamwambia mhudumu: “Soy alérgica a los anacardos.” Anacardo ni korosho, nasi twajua jinsi korosho zinavyotumika katika vyakula na vitafunio vya kwetu. Mgeni huyo anaeleza kwamba ana mzio wa korosho. Kwa mtu mwenye mzio mkali, punje chache zaweza kumvimbisha koo na kumzuia pumzi kwa muda wa dakika tu. Mhudumu akitabasamu, akaitikia “sí, sí” na kwenda zake jikoni bila ya kuelewa, tabasamu lake laweza kugharimu uhai wa mtu.

Wala hakuna mwanafunzi ajuaye majina yote. Karanga peke yake huitwa cacahuete huko Hispania, cacahuate huko Meksiko, na maní katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Ndivyo ilivyo hata baharini: mgeni anayepanda mashua kwenda Changuu au Mnemba akisema “No sé nadar”, amesema kwamba hajui kuogelea, na nahodha hana budi kuambiwa kabla ng’anda haijatolewa. Kwa hiyo sifa kubwa ya mfanyakazi mwanafunzi ni uaminifu wa kusema kwamba hakuelewa, na ustadi wa kuuliza mpaka aelewe.

Ndiyo sababu sentensi za kwanza za kujifunza, kabla ya zile za kujisifu, ni hizi:

“Perdone, no he entendido.” Samahani, sikuelewa.
“¿Puede repetirlo más despacio, por favor?” Waweza kurudia polepole, tafadhali?
“No conozco esa palabra.” Silijui neno hilo.
“¿Quiere decir que...?” Una maana kwamba...?

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa humwezesha msailiwa kurudia kwa maneno yake alivyolielewa swali, na msaili akasahihisha. Mtu anayeuliza hivyo chumbani mwa usaili amekwisha kuonyesha atakavyofanya kazini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga; katika kazi hii kuuliza ni sehemu ya kazi yenyewe.

HAZINA ILIYOMO KATIKA KISWAHILI

Vijana wengi hukiendea Kihispania kwa kupitia Kiingereza, na hapo hujipa taabu isiyo ya lazima. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Maneno mengi yanayoishia kwa irabu huwekewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Herufi ñ ni ny yetu. Herufi j hutamkwa kama kh ya “kheri”. Herufi z, na c iliyotangulia e au i, watu wengi wa Hispania huitamka kama th ya “thelathini”, na watu wa Amerika huitamka kama s. Mtoto aliyepita chuoni akafunzwa kutoa herufi barabara hatasumbuliwa na haya. La kuchunga ni r: “pero” ni lakini, na “perro”, kwa r iliyovutwa na kutetema, ni mbwa.

Katika sarufi pia kuna ujirani. Mhispania hasemi kwamba yeye “ni” miaka 24. Husema “tengo veinticuatro años”, yaani nina miaka 24. Njaa nayo husema anayo: “tengo hambre”, nina njaa. Tena kitenzi chake hubeba mtendaji ndani yake kama chetu, ila chetu humbeba mwanzoni na chake humbeba mwishoni: “trabajo” ni ninafanya kazi, “trabajamos” ni tunafanya kazi.

Miaka ya historia, ambayo humkwaza sana mwongoza watalii, husomwa kwa mtindo wetu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Mwingereza huukata mwaka huo vipande viwili, lakini Mhispania husema “mil ochocientos setenta y tres”: elfu moja, mia nane, sabini na tatu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, “dos mil”, elfu mbili.

Hata maneno yenyewe mengine ni ndugu. Kwa kuwa Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi 1492, Kiarabu kiliacha huko “azúcar”, ambayo ni sukari, na “hasta”, ambayo ni hata kwa maana ya mpaka. Nasi kwa njia ya Wareno tulipata meza na bendera, ambazo kwa Kihispania ni “mesa” na “bandera”.

MITEGO YA KUEPUKA

Ndugu wa mbali, hata hivyo, huweza kumpotosha mtu. “Tarifa” ina asili moja na taarifa yetu, lakini maana yake ni kiwango cha bei. Mgeni akiuliza “¿Cuál es la tarifa?”, hataki habari, anataka kujua atalipa kiasi gani.

Waliokwisha kujifunza Kiitaliano wana mtego wao. Lugha hizo mbili hufanana, nao huchanganya bila ya kujua. Kwa Mwitaliano “burro” ni siagi, kwa Mhispania ni punda. Kwa Mwitaliano “gamba” ni mguu, kwa Mhispania ni kamba wa baharini. “Salire” ya Kiitaliano ni kupanda. “Salir” ya Kihispania ni kutoka. Mwenye kujua Kiitaliano aandike orodha ya maneno kama haya, aipitie kila siku.

Kiingereza nacho kina mitego. “Éxito” ni mafanikio, na mlango wa kutokea ni “salida”. “Actualmente” ni kwa sasa. Binti atakayetaka kusema kwamba ameona haya, akasema “estoy embarazada”, atakuwa ametangaza kwamba ni mja mzito.

Mtego mwingine ni wa saa. Saa za Kihispania huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, si kuanzia mapambazuko na magharibi kama zetu. Ukiambiwa usaili ni “a las nueve de la mañana”, ni saa tatu ya asubuhi. Tena neno “mañana” ni asubuhi, na pia ni kesho. “Mañana por la mañana” ni kesho asubuhi. Iandike saa hiyo kwa Kiswahili mara uipatapo, na mwambie mtu mwingine nyumbani.

MAANDALIZI YA NYUMBANI

Kwa muda wa wiki mbili, tenga nusu saa kila jioni. Andika vipande vifupi vya ukweli wa maisha yako: jina, unakoishi, shule, kazi ulizofanya hata zile ndogo, na sababu ya kuitaka kazi hii. Kila sentensi isizidi maneno kumi. Usikariri aya nzima. Jua habari yenyewe, kisha iseme kila jioni kwa namna tofauti kidogo.

Maswali yanayorudiwa mara kwa mara ni haya: “Hábleme de usted”, nieleze habari zako. “¿Por qué quiere trabajar aquí?”, kwa nini wataka kufanya kazi hapa? “¿Qué experiencia tiene?”, una uzoefu gani? “¿Qué haría si un cliente se queja?”, ungefanya nini mgeni akilalamika? “¿Cuándo puede empezar?”, waweza kuanza lini?

Hapa ndipo wazazi na ndugu wanapoingia, wala haidhuru kama hawajui neno moja la Kihispania. Maswali yaandikwe kwa Kiswahili katika vikaratasi, mama avichanganye, achomoe kimoja na kukisoma, na mwanawe ajibu kwa Kihispania. Mama hataweza kuhukumu sarufi, lakini ataona kama mtoto anainamisha kichwa, anameza maneno, au anajibu kwa sauti ya kuomba radhi. Mdogo wake ashike saa na kuhesabu dakika moja kwa kila jibu.

Anayeomba kazi ya kutembeza watalii afanye mazoezi kwa vitu halisi. Ateremke sokoni Darajani, ataje alivyoviona: karafuu ni “clavo”, mdalasini ni “canela”, iliki ni “cardamomo”, kungumanga ni “nuez moscada”, tangawizi ni “jengibre”. Hizo ndizo atakazoulizwa katika mashamba ya Kizimbani na Kidichi. Akumbuke pia kwamba lugha haichukui nafasi ya leseni ya Kamisheni ya Utalii.

Katika barua ya maombi, sema kweli kuhusu kiwango chako. Viwango vinavyotumiwa sana ni sita, tangu A1 ya mwanzo hadi C2 ya juu kabisa. Mwenye A2 hujimudu katika mambo mepesi ya kila siku. Mwenye B1 hujimudu katika mengi yanayomkuta msafiri. Ukiandika “nasema kwa ufasaha” nawe u katika A2, utafichuka kwa swali la pili, na baada ya hapo hata yale ya kweli uliyoyaandika yatatiliwa shaka.

SIKU YENYEWE

Kwetu mkubwa huamkiwa kwa shikamoo. Mhispania naye ana heshima yake, nayo imo katika neno “usted”, lililotokana na maneno ya zamani ya kumtukuza mtu. Mwambie msaili “¿Cómo está usted?”, wala usimwambie “¿Cómo estás?” ya marafiki, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu. Wahispania wengi huruhusu upesi, lakini ruhusa ingoje itoke kwake.

Jihadhari na vitenzi viwili vya kuwa. “Soy listo” ni mimi ni mwerevu; “estoy listo” ni niko tayari. Mwanamke husema “lista”. Ukiulizwa kama uko tayari kuanza, toa jibu la pili.

Ukikwama, usinyamaze na usijitungie jibu. Vuta pumzi, useme “perdone”, uombe swali lirudiwe. Ikiwa neno moja limekutoroka, lizunguke: asiyekumbuka jina la korosho aweza kusema ni tunda dogo kavu la kukaangwa, na msaili atamsaidia. Mwishoni utaulizwa kama una swali. Uwe nalo moja la maana, kama vile wageni wa hoteli hiyo hutoka nchi zipi, ili ujue kama utajifunza kusema cacahuete au maní.

Huenda kazi ikapatikana, huenda ikachelewa. Lakini kijana aliyefunzwa kusema “sikuelewa” bila ya kuona haya, kwa lugha ya watu na mbele ya watu, ataingia usaili wa pili akiwa na nguvu kuliko alivyoingia wa kwanza. Basi leo jioni, wazazi wenzangu, zikateni karatasi hizo, mketi barazani na kuanza na swali la kwanza.