Kutoka Mazinde hadi Maktabani: Habari za Wakilindi na Makabidhiano ya Historia ya Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kuanzia katika nchi inayosimuliwa hadi katika mikono ya wachapaji na maktaba. Hoja kuu ni kwamba makusanyo ya historia ya mahali hupoteza sehemu ya maana yake pale maandishi yanapopokelewa bila maelezo ya lugha yaliyosimuliwa kwayo, msimulizi wake na uhusiano wake na mkusanyaji.

1.0 Utangulizi

Mkusanyaji wa historia ya kwao anapoyakabidhi makaratasi yake maktabani, huwa na vitu viwili vya kukabidhi. Kimoja ni maandishi, na hicho hupokewa, hupewa namba na kuwekwa kabatini. Kingine ni maarifa ya namna maandishi hayo yalivyopatikana: mzee yupi alisema, alisema kwa lugha gani, nani alikuwepo akisikiliza, na lipi lilinyamaziwa kwa heshima ya waliokuwa hai. Hicho cha pili mara nyingi hurudi nyumbani na mwenyewe.

Kwa nchi ya Handeni na Korogwe, suala hili si la kinadharia. Historia ya huko imekaa zaidi katika Kizigua, Kinguu na Kisambaa, ilhali karibu yote iliyofika kwenye maktaba imefika kwa Kiswahili au kwa lugha za Ulaya. Mfano mkubwa kuliko yote ni Habari za Wakilindi.

2.0 Mtu wa Semboja

Abdallah bin Hemedi hakuwa Mkilindi. Nisba yake, 'lAjjemy, inaelekeza Uajemi, na Kiswahili chake ni cha mtu wa pwani. Aliijua habari ya Wakilindi kwa kukaa nao: alimtumikia Semboja, mwana wa Kimweri Zanyumbai, aliyeweka makao yake Mazinde, katika Korogwe ya leo. Baadaye alishika wadhifa Tanga chini ya utawala wa Wajerumani.

Mazinde yenyewe inaeleza mengi. Makao ya kale ya watawala yalikuwa Vugha, mlimani. Semboja alikaa chini, penye njia ya misafara iliyofuata bonde la Pangani, ambako bunduki na nguo za pwani zilipita. Baada ya kifo cha Kimweri Zanyumbai katika miaka ya 1860, Vugha ilirithiwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja alimwondoa, akamtawaza mwanawe mwenyewe huko juu, naye akabaki Mazinde. Wabondei nao waliinuka dhidi ya Wakilindi katika vita vilivyoitwa Kiva. Hivyo mwandishi alipofika kwenye sura za mambo haya, hakuwa tena mpokeaji wa masimulizi ya kale. Alikuwa akiandika juu ya ugomvi ambao bwana wake alikuwa upande mmojawapo. Hilo haliondoi thamani ya kazi yake. Linaibadilisha: sehemu ya mwanzo isomwe kama masimulizi yaliyorithiwa, na sehemu ya mwisho kama ushahidi wa mtu wa karibu mno na shauri.

3.0 Zumbe, jumbe, mfalme

Masimulizi ya asili yanaanzia Unguu, magharibi ya Handeni. Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyetanguliza kuota meno ya juu, na kwa hiyo alihofiwa kuwa mkosi kwa ukoo. Alinyimwa urithi, akatoka kwao, akaishi kwa kuwinda nguruwe mwitu, akaingia Usambaa akigawa nyama. Alipoua simba alipewa utawala na lakabu ya Simba Mwene. Msomaji wa Kiswahili hatatizwi hapa, maana pwani nayo inamjua kigego. Na mwene ni neno la nasaba moja na mwenye. Lugha zinakaribiana kiasi cha kumsahaulisha mtu kwamba kuna tafsiri iliyofanyika.

Ugumu hujitokeza katika istilahi za utawala. Kwa Kisambaa na Kizigua mtawala ni zumbe. Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na maneno kadhaa ya kuchagua, na kila moja lilikuja na mzigo wake. Sultani liliita picha ya Unguja. Mfalme lilisikika pia katika maandiko ya wamisionari. Jumbe, ambalo kwa sura na maana liko karibu mno na zumbe, ndilo lililoonekana kuwa mwafaka, lakini ndilo lililoharibika upesi zaidi: chini ya Wajerumani jumbe alikuwa mkuu wa kijiji aliyesimamiwa na akida, mtu wa kuhimiza kodi na kazi. Mtu aliyesoma kitabu cha habari za kale mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amemwona jumbe wa aina hiyo jana yake. Haiwezekani kwamba alisikia ndani ya neno hilo ukuu uleule ambao mzee wa Vugha aliusikia katika zumbe, wala mamlaka ya mvua yaliyoambatana nao.

Hapa ndipo upungufu wa makabidhiano unapouma. Lau pangebaki daftari dogo tu la maneno ya wasimulizi kwa Kisambaa na Kinguu, mtafiti wa leo angeweza kuona mwandishi alichagua nini na aliacha nini. Ilivyo, analazimika kukisia kutoka kwenye Kiswahili kurudi nyuma.

4.0 Mikono iliyopokea

Kazi hiyo ilichapwa kwanza na wamisionari wa UMCA huko Magila, karibu na Muheza, kwa sehemu tatu zilizotoka kwa kuachana miaka: 1895, 1904 na 1907. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ilitoa toleo moja jijini Nairobi, na mwaka uliofuata tafsiri ya Kiingereza. Mhariri alikuwa J.W.T. Allen, akishirikiana na William Kimweri, mtu wa uzao wa Wakilindi wenyewe. Ushirikiano huo una uzito kuliko unavyotajwa kwa kawaida: palikuwa na mtu mezani ambaye majina katika kitabu yalikuwa majina ya babu zake.

Allen huyohuyo ndiye aliyeandaa katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochapishwa Leiden mwaka 1970. Kanda ni jambo la kuangaliwa. Mswada huonyesha uamuzi wa mwisho wa mwandishi. Kanda huhifadhi kusitasita, kujisahihisha, na lile neno la lugha ya nyumbani linalomponyoka msimulizi kabla hajalitafutia Kiswahili.

5.0 Upande wa Handeni

Wazigua hawakupata mwandishi wa namna ya Abdallah bin Hemedi katika karne ya 19. Wanaonekana pembeni mwa vitabu vya wengine. Bwana Heri wa Saadani, aliyewaongoza katika kuwapinga Wajerumani hadi 1890, anafahamika kutokana na kumbukumbu za maadui zake kuliko za watu wake. Na utenzi mashuhuri wa vita hivyo, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhry, uliitazama vita kutoka Mrima. Ni mwaka 1954 tu ambapo Anthony Mochiwa alitoa Habari za Wazigua, kitabu chembamba ambacho hakijapewa nafasi kinayostahili katika mijadala ya nathari ya Kiswahili.

Kwa hiyo makusanyo ya watu binafsi yaliyoko vijijini, yawe madaftari ya shule, orodha za koo, barua za kesi za mashamba au kanda za matambiko, ndiyo yanayoweza kuziba pengo hilo. Maktaba inayoyapokea haina budi kumketisha mtoaji kabla ya kuchukua boksi: arekodiwe akipitia karatasi moja baada ya nyingine, ataje msimulizi na lugha, aeleze ukoo upi utapinga habari ipi, na yale ya Kizigua au Kinguu yaandikwe yalivyotamkwa kabla ya kufasiriwa. Nakala ibaki kijijini. Kazi hiyo inahitaji siku chache na kinasa sauti kimoja, na hufanyika mtoaji angali hai.