KUVUKA MILIMA KWA MBAO ZA THELUJI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wengi wetu theluji tumeiona kwa mbali tu, katika picha au juu ya kilele cha Kibo. Lakini katika milima ya Alpi, huko Ulaya, wako watu ambao kila mwaka, baridi kali inapokwisha, huvuka kilele hata kilele kwa kuteleza juu ya mbao ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi safari hiyo inavyofanywa, na kwa nini saa ina maana kuliko nguvu za miguu.

Njia iliyo mashuhuri sana huitwa Haute Route, yaani Njia ya Juu. Huanzia Chamonix, Ufaransa, na kuishia Zermatt, Uswisi. Katika miaka ya 1860 Waingereza waliipita kwa miguu. Mwaka 1903 Dakta Payot wa Chamonix na wenzake wakaanza kuijaribu kwa mbao. Siku hizi safari huchukua siku sita au saba, na wasafiri hulala katika vibanda vilivyojengwa juu milimani.

Huenda msomaji akauliza: mbao zinazoteleza zitapandaje mlima? Jibu ni rahisi. Chini ya kila ubao hubandikwa ukanda wenye manyoya yaliyolala upande mmoja. Ukimpapasa paka kuelekea mkiani mkono huteleza; ukirudi kinyume manyoya husimama. Ndivyo ukanda ufanyavyo: ubao huenda mbele, wala haurudi nyuma. Kisigino nacho huachwa huru ili mtu apige hatua. Akifika kileleni huubandua ukanda, hufunga kisigino, kisha huteremka kwa kasi.

Sasa tuje kwenye habari ya saa. Mwezi wa Aprili jua la mchana huyeyusha uso wa theluji, na baridi ya usiku huugandisha tena. Kwa hiyo alfajiri theluji ni ngumu, na hata ile iliyofunika nyufa za mito ya barafu huweza kumbeba mtu vizuri zaidi. Huo ndio wakati wa kupanda. Kabla ya adhuhuri uso hulainika kidogo, na kuteremka huwa raha tupu. Lakini jua likizidi, theluji hulowa, huwa nzito, na huweza kuporomoka na kufukia watu. Kwa sababu hiyo wasafiri huamka gizani, na kila mmoja huchukua koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na chombo kidogo cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa. Mtu akifukuliwa katika dakika kumi za kwanza ana tumaini kubwa la kupona. Baada ya hapo tumaini hupungua upesi.

Hata hivyo adui si maporomoko peke yake. Mwishoni mwa Aprili 2018, wasafiri 14 walikutwa na dhoruba karibu na mlima Pigne d'Arolla, wenye urefu wa karibu mita 3,800. Ukungu na upepo uliwapoteza njia, wakalala nje usiku kucha. Saba kati yao walikufa. Kibanda walichokuwa wakikitafuta kilikuwa karibu nusu kilomita tu kutoka hapo. Hawakukosa mbao wala nguvu. Dhoruba iliwakuta mahali pasipo pa kujificha.

Kwa hiyo kiongozi hodari si yule afikaye kila kilele. Ni yule asikilizaye habari za hewa jioni, aamkaye mapema, na asiyeona haya kusema, "Leo turudi." Mlima utakuwapo kesho.

Sisi wa bweni huinung'unikia kengele ya alfajiri. Nilipokwisha kusoma habari hizi, nilikumbuka kwamba wako watu ambao kuchelewa kwao kwa saa mbili si adhabu ya kufagia uwanja, bali ni hatari ya maisha.