Kibali kipo, maji yana zamu

Maharage machanga yanayolimwa Nduruma, kusini mashariki mwa jiji la Arusha, kwa soko la Ulaya yanaongozwa na sheria iliyotungwa mbali. Kanuni namba 396 ya 2005 ya Umoja wa Ulaya inaweka ukomo wa mabaki ya viuatilifu kwenye chakula. Dawa isiyopangiwa ukomo wake hupewa miligramu 0.01 kwa kilo. Mzigo ukizidisha kiwango hicho hauruhusiwi kuuzwa huko. Ndiyo maana bwana shamba anasisitiza siku za kusubiri baina ya kupuliza dawa na kuchuma.

Kuhusu maji yaliyoyakuza maharage hayo, kanuni hiyo haisemi lolote. Yanatoka Mto Nduruma, unaoshuka kutoka Mlima Meru, na hayawatoshi wote. Wakulima wadogo wako sehemu za juu na za chini za mto. Katikati yako mashamba makubwa, yakiwemo ya maua. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, anayetaka kuchepusha maji huomba kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mashamba makubwa yanavyo vibali hivyo. Wakulima wengi wa mifereji hutegemea taratibu zao wenyewe, yaani zamu na viongozi wa mfereji.

Mtu angedhani kibali ndicho kitashinda. Hans Komakech na wenzake, katika utafiti waliouchapisha 2012, walikuta sivyo: mwenye kibali naye alilazimika kufuata taratibu za wenyeji ili apate maji, na mashamba makubwa yalikaa na wakulima wa chini kupanga zamu. Sidhani ni huruma. Karatasi ya serikali hailindi mfereji wa wazi usiku kucha, na aliyekosa maji anajua banio lilipo. Zamu iliyokubaliwa ni nafuu kuliko kuweka walinzi.

Kwa hiyo mboga ya kwenda Ulaya inategemea makubaliano ambayo mnunuzi wake hajawahi kuyasikia, na ambayo watunga sera wetu huyaona kama mambo ya kizamani yatakayokwisha vibali vikienea. Mimi naona ndiyo yanayofanya vibali viwezekane.

Lakini mashamba makubwa yana njia nyingine: visima virefu. Maji ya kisima hayapiti kwenye banio, na yakipungua jirani hayaoni. Huko hakuna kiongozi wa mfereji wa kumwambia mtu zamu yake imekwisha. Imebaki Bodi, na mita, kama imefungwa na inasomwa.