Mtoto wa Paka Asiyeacha Kulia: Kabla ya Kwenda Dukani

Mteja anapofika katika duka la dawa za mifugo na kuomba dawa ya kumnyamazisha mtoto wa paka, ushauri wetu kwa muuzaji ni kwamba asimuuzie chochote. Kilio si ugonjwa. Ndiyo njia ya mtoto wa paka kumwita mama yake, na mara nyingi husababishwa na baridi, njaa au upweke.

Tuanze na baridi, maana ndiyo husahaulika zaidi. Dodoma ipo katika uwanda wa juu, takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hauna mzaha. Mtoto wa paka wa chini ya wiki 4 hawezi kuhifadhi joto la mwili wake ipasavyo. Mlaze katika boksi lenye nguo kuukuu, umwekee chupa ya maji ya moto iliyoviringishiwa kitambaa, na umwachie nafasi ya kusogea mbali nayo. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani, kwa usalama wake na wako. Aliyepoa apashwe joto kwanza, ndipo alishwe.

Maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi wetu tulizoea kuwapa paka nyumbani, huweza kumharisha, na kuhara humkausha mwili upesi. Tafuta maziwa maalumu ya watoto wa paka na usome lebo yake. Kuanzia wiki ya 4 aanze kuonjeshwa dagaa waliochemshwa bila chumvi na kupondwa. Ugali mtupu haumtoshi. Ukimnunua, muulize muuzaji umri wake: asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8.

Linalotutia hofu zaidi ni dawa. Usimpe parasetamoli, hata robo ya kidonge. Ini la paka haliwezi kuichakata, damu yake hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni, naye anaweza kufa. Vilevile, dawa ya viroboto na kupe ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka. Muuzaji akikuambia kwamba dawa ni ile ile, upunguze kipimo tu, usinunue.

Akikataa kula, akihara, akihema kwa mdomo wazi au akilia anapojaribu kukojoa, mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Kama alikwisha kupewa dawa yoyote, nenda na pakiti yake. Itunze pamoja na risiti, kwani bila namba ya toleo malalamiko yako ni vigumu kufuatiliwa.

Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya bila kuchelewa kuuliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.