Kutoa na Kurudisha Plagi Zilizokwama

Napenda kuwaelezeni habari za plagi, ambazo wengi wa kwetu Rusizi huziita buji. Malori mengi yanayovuka msitu wa Nyungwe ni ya dizeli, nayo hayana plagi, kwani dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Lakini lori au pikapu ya petroli haiendi bila cheche ya plagi.

Plagi hukwama kwa sababu tatu. Kwanza, hesi zake ni za chuma, na hedi ya injini mara nyingi ni ya alumini. Vitu hivi viwili vikipata unyevu huliana. Pili, masizi hujaa chini. Tatu, fundi aliyetangulia aliikaza kupita kiasi. Hata Marekani jambo hili liliwasumbua watu: katika pikapu za Ford F-150 za mwaka 2004 hadi 2008, zenye injini ya lita 5.4, plagi zilishikwa na masizi, zikakatika na kubaki ndani.

Baba yangu mdogo hapa Nkungu hupeleka mazao Kamembe kwa pikapu. Mwaka jana gereji moja iling'oa plagi kwa nguvu injini ingali moto, hesi za hedi zikaharibika. Gari likalala majuma matano, na karo yangu ikachelewa. Fundi aliyeitengeneza alinifundisha hivi.

Ngoja injini ipoe kabisa. Puliza mchanga uliozunguka plagi, usije ukaingia katika silinda. Ilegeze kidogo tu, tia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, uache saa kadhaa. Kisha izungushe mbele na nyuma. Ikiwa nzito, irudishe, ongeza mafuta, usishindane nayo.

Wakati wa kurudisha, safisha hesi, upime nafasi ya cheche kama kitabu cha gari kisemavyo. Anza kwa vidole, au kwa kipande cha mpira kilichovishwa juu ya plagi: ikienda upande, mpira utateleza kabla ya hesi kuharibika. Ikigota, plagi mpya yenye washa huongezwa kwa spana nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili. Isiyo na washa, yenye kikalio cha mshazari, sehemu moja tu ya kumi na sita.

Ninyi wanafunzi wa zamani wenye magari, mkimwona fundi akirefusha spana kwa bomba ili aing'oe plagi, mzuieni. Plagi ni ya bei ndogo, hedi sivyo.