Nani mfiwa mbele ya sheria?

Juzi mwanafunzi wangu mmoja anayesomea tafsiri alinijia na karatasi mkononi. Alikuwa akitafsiri muhtasari wa hukumu kutoka Marekani na amekwama kwenye neno moja tu: ‘spouse’. “Mwalimu,” akaniambia, “nikiandika ‘mke’ nimekosea, nikiandika ‘mume’ pia nimekosea. Sasa niandike nini?” Nilidhani ni jambo dogo. Nilipoisoma hukumu yenyewe niligundua kwamba neno hilo ndilo lililokuwa kesi nzima.

Kisa ni hiki. Mwaka 2000 jimbo la Vermont lilianza kuwaruhusu watu wa jinsia moja kufunga muungano wa kiraia. Haukuitwa ndoa, ila uliwapa haki za wanandoa. Miongoni mwa haki zilizotajwa waziwazi ni ile ya kudai fidia iwapo mwenzi ataaga dunia kwa kosa la mtu mwingine. Wanaume wawili wakazi wa New York walienda huko, wakafunga muungano wao, wakarudi nyumbani. Februari 2002 mmoja wao aligongwa na gari jijini New York, akavunjika mguu na kulazwa hospitalini. Alifanyiwa upasuaji, lakini hakutoka hospitalini akiwa hai. Mwenzake akaenda kortini kuishtaki hospitali hiyo kwa madai ya uzembe.

Kabla hata ya kuulizwa kama madaktari walikosea, kukazuka swali jingine: huyu anayeshtaki ni nani kwa marehemu?

Huenda msomaji akashangaa. Aliyefiwa si amefiwa? Kisheria si hivyo. Mwaka 1808, katika kesi ya mtu aliyempoteza mkewe kwenye ajali ya gari la farasi, jaji wa Uingereza Lord Ellenborough alishikilia kwamba kifo cha binadamu hakiwezi kudaiwa fidia kortini. Yaani ukimvunja mtu mguu unamlipa, ukimuua jamaa zake hawapati kitu! Bunge la Uingereza lilirekebisha hali hiyo mwaka 1846, na New York ikafuata mwaka 1847. Sheria hiyo ya Uingereza haikumfungulia mlango kila aliyelia. Ilitaja mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu. Sheria yetu ya ajali zinazosababisha vifo, Sura ya 32, ni mjukuu wake, na orodha yake ni hiyo hiyo. Haki hii basi ilizaliwa na orodha. Jina la uhusiano wako lisipokuwemo, umebaki nje.

Mwaka 2003 jaji wa kwanza wa New York alimkubali mlalamishi kuwa sawa na mwenzi wa ndoa. Hospitali ikakata rufaa, na mwaka 2005 majaji watatu dhidi ya wawili wakaubatilisha uamuzi huo. Walisema ‘spouse’ katika sheria ya jimbo lao ni mume au mke wa ndoa, na anayetaka kulipanua neno hilo aende kwa wabunge. Dai lake likafia mlangoni, hospitali iwe ilikosea au haikukosea.

California ilikuwa imepita njia nyingine. Januari 2001 mwanamke mmoja aliuawa na mbwa wawili katika ujia wa jengo alimoishi San Francisco. Mwanamke aliyekuwa mwenzi wake alishtaki, na mwaka huo huo korti ikaruhusu kesi iendelee. Kabla mwaka haujaisha, jimbo likapitisha sheria ya kuwapa haki hiyo wenzi waliosajiliwa. New York iliruhusu ndoa ya jinsia moja mwaka 2011, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaieneza nchi nzima. Kesi hiyo ya 2015 nayo ilianzia kwenye msiba: Jim Obergefell wa Ohio alitaka cheti cha kifo cha mwenzake kimtaje kuwa mwenzi wa ndoa aliyeachwa. Kwa hivyo leo jibu la Marekani ni ndiyo, mradi walikuwa wameoana. Waliokuwa wakiishi pamoja tu bila ndoa wategemee sheria ya jimbo lao.

Hapa Kenya, Kifungu cha 45 cha Katiba kinazungumzia haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja mwanamume na mwanamke. Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba maneno ‘mke’ na ‘mume’ hayajawahi kutusumbua. Miongoni mwa Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kumwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate mrithi. Si ndoa ya mapenzi kama ile ya New York, ni ndoa ya ukoo na mali. Lakini mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa hivyo kuwa mke wa marehemu mwanamke, na kumpa haki katika mirathi. Kitenzi ‘oa’, ambacho tumezoea kukiachia mwanamume, hapo kilitendwa na mwanamke, na korti haikukikataa.

Turudi kwa mwanafunzi wangu. Kiswahili kina ‘mjane’, mwanamke aliyefiwa na mumewe, na ‘mgane’, mwanamume aliyefiwa na mkewe. Mlalamishi wa New York hakuwa mjane wala mgane kwa maana hizo. Alikuwa mfiwa, neno lisilouliza jinsia, ila ‘mfiwa’ ni pana mno: hata jirani anayekaa matangani huweza kuitwa hivyo.

Nilimshauri aandike ‘mwenzi wa ndoa’. Akiandika ‘mume au mke’ tangu mwanzo atakuwa ameshawaunga mkono majaji watatu, na akiandika ‘mpenzi’ atakuwa amemnyima mlalamishi hoja yake kabla hajasikizwa. Penye maneno ya majaji wenyewe wa rufaa, hapo ndipo aandike ‘mume au mke’, maana ndivyo walivyoamua. Na kama angekuwa anatafsiri Sura ya 32, asithubutu kuandika ‘mwenzi’, kwa sababu sheria hiyo imetaja mke na mume.

Alichukua kalamu, akafuta ‘mume’ mara nne katika ukurasa wa kwanza. Mara ya tano akaliacha. Lilikuwa ndani ya uamuzi.